WATUMISHI WA CHUO CHA KANISA NA UJIRA WAO
Somo la mwezi kwa washarika na wainjilisti. Msomeni kwanza Nehemia 13:4-14.



Katika sharika zetu wako vijana wengi waliotoka nyumbani kwenda kufanya kazi katika vyuo vikuu vya kanisa. Mmoja ni mwalimu, mwingine karani, mwingine mpishi, mwingine mlinzi wa lango. Wanapokuja likizo twawauliza habari za kazi, nao hujibu, "Ni kazi ya Mungu, twashukuru." Lakini tukikaa nao mpaka usiku, pengine mmoja husema kwa sauti ya chini, "Baba, huu ni mwezi wa tatu sijapata mshahara."

Hapo mzee wa nyumba hunyamaza. Akisema, "Vumilia, mwanangu, ni kazi ya Mungu," aona neno hilo halimtoshi mtu mwenye watoto shuleni. Akisema, "Waache, utafute kazi kwingine," aona kana kwamba amemwambia mwanawe aikimbie nyumba ya Mungu. Basi mwezi huu na tujifunze jambo hili katika Neno lenyewe, ili tupate la kuwajibu watoto wetu, na wale wenye kuviongoza vyuo wapate nao la kuangalia.

1. Mabawabu, waokaji na watunza vyombo

Kwanza tujue ni nani aitwaye mtumishi katika nyumba ya Mungu. Wengi wetu hudhani ya kuwa mtumishi ni yule ahubiriye au afundishaye, na waliosalia ni watu wa mshahara tu. Maandiko hayasemi hivyo. Fungueni 1 Mambo ya Nyakati 9:26-32. Hapo mtaona mabawabu waliolala kando kando ya nyumba ya Mungu, maana ulinzi ulikuwa juu yao, nao ndio walioifungua kila siku asubuhi. Wengine walivitunza vyombo, wakavihesabu vilipoingizwa na vilipotolewa. Wengine walisimamia unga na divai na mafuta. Mmoja aliwekwa juu ya vitu vilivyopikwa katika vikaango. Majina ya jamaa zao yameandikwa pamoja na majina ya makuhani, katika kitabu kile kile.

Na chuo cha kanisa ni vivyo hivyo. Tukitazame Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambacho wachungaji wetu wengi wamepita. Chuo kile kilianza kama shule ya wachungaji huko Lwandai, katika nchi ya Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, chini ya mlima Meru, katika njia iendayo kutoka Arusha mpaka Moshi. Hapo kwanza walifundisha mambo ya dini peke yake. Siku hizi wafundishwa humo hata walimu wa shule, na wanasheria, na watu wa muziki. Chuo kama hicho hakisimami kwa waalimu peke yao. Yuko msajili, atunzaye majina na alama za mitihani. Yuko mhasibu. Yuko mkutubi, avihesabuye vitabu vitokapo na virudipo, sawasawa na wale watunza vyombo wa hekaluni. Wako wapishi, na madereva, na mafundi wa maji na umeme, na wafagizi, na mlinzi aamkaye watu walalapo. Mlinzi akilala, mwalimu hatakuwa na kitu cha kufundishia asubuhi. Msajili akiandika uongo, hati ya kila mwanafunzi huwa ya mashaka, hata ya yule aliyesoma kwa bidii.

Baba yetu Martin Luther alifundisha ya kuwa mjakazi afagiaye nyumba kwa imani ana wito mtakatifu, usio mdogo kuliko wa mtawa katika seli yake. Naye aliyajua mambo ya chuo, maana alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Wittenberg tangu mwaka 1512. Mkewe, mama Katharina, alilisha wanafunzi wengi katika nyumba yao, akalima bustani, akafuga wanyama na kupika pombe ya shayiri, ili wote wapate kula. Luther hakuiona kazi ile kuwa kitu cha pembeni.

Basi tulishike neno hili la kwanza. Kazi ya karani na ya mpishi katika chuo cha kanisa ni utumishi wa kweli. Walakini angalieni linalofuata, maana hapo ndipo wengi hupotea.

2. Chumba cha Tobia

Katika siku za Nehemia watu wote walifanya agano, wakalitia muhuri, wakisema hawataiacha nyumba ya Mungu wao (Neh. 10:39). Waliahidi kuleta nafaka na divai na mafuta, ili wahudumu wapate chakula. Ndipo Nehemia akarudi kwa mfalme Artashasta, katika mwaka wa 32 wa mfalme huyo. Alipokuja tena Yerusalemu, alikuta mabaya mawili.

La kwanza lilikuwa katika ghala. Eliashibu kuhani, mwenye kuvisimamia vyumba vya nyumba ya Mungu, alikuwa amefungamana na Tobia, yule Mwamoni aliyewapinga wajenzi wa ukuta. Kwa ajili ya kufungamana huko Eliashibu alimpa Tobia chumba kikubwa, na chumba chenyewe ni kile kilichowekewa zaka za Walawi na waimbaji na mabawabu. Tazameni, palipokuwa chakula cha mlinzi wa lango, sasa paliwekwa vyombo vya nyumba vya rafiki wa mkubwa.

Ndugu zangu, chumba cha Tobia hakikuwa Yerusalemu peke yake. Kila mahali mtu apewapo kazi kwa kuwa ni ndugu, au ni wa kabila, au ni wa kundi la mkubwa, wala hakuna kazi iliyohitaji mtu, hapo Tobia amehamia. Kila mahali panaponunuliwa gari jipya la mkubwa na mpishi bado anadai ujira wa mwezi jana, hapo Tobia amelala katika ghala la mabawabu. Nasi washarika tusijione kuwa safi. Ni nani amwendeaye askofu au mkuu wa chuo na kumwomba, "Mwanangu amalize masomo, umtafutie nafasi hapo kwako"? Ni sisi. Kila tuombapo hivyo twamwongezea Tobia vyombo.

Nehemia hakuunda baraza la kulizungumza jambo hili mwaka mzima. Alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, akarudisha ndani mali ya nyumba ya Mungu.

3. Walawi waliokimbilia mashambani

Ubaya wa pili ulizaliwa na ule wa kwanza. Nehemia alitambua ya kuwa Walawi hawakupewa sehemu zao, hata wao na waimbaji walikuwa wamekimbia, kila mtu shambani kwake.

Hapo tusome polepole, maana ni moyo wa somo letu. Nehemia alimgombeza nani? Yamkini sisi tungaliwagombeza Walawi. Tungalisema, "Hawana imani. Wamependa tumbo kuliko madhabahu." Nehemia hakuwaambia Walawi neno la lawama hata moja. Aliteta na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Mlawi alikwenda kulima kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa, bali aliyeiacha nyumba ya Mungu ni yule aliyekizuia chakula chake.

Neno hili ndilo jibu la mzee aliyenyamaza. Neno "utumishi" lina ncha mbili. Lamfunga mtumishi kufanya kazi kwa uaminifu, nalo lamfunga vile vile mwenye kuajiri kumlipa kwa uaminifu. Mtu ashikaye ncha moja tu, akawaambia watumishi wake, "Hii ni kazi ya Mungu, msiulize mishahara," huyo amelitaja jina la Mungu ili lifunike deni lake. Musa aliamuru ujira wa kibarua usilale kwa tajiri wake hata asubuhi (Law. 19:13). Bwana Yesu alisema mtenda kazi astahili ujira wake, naye aliwaambia hao waliokuwa wakienda kuhubiri (Luka 10:7). Yakobo aliandika ya kuwa ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yak. 5:4).

Luther naye alilitenda hilo kwake mwenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 1532 alikuwa Torgau, akamwandikia mama Katharina habari za mtumishi wao Johannes, aliyekuwa karibu kuondoka kwao. Alitaka aagwe kwa heshima, kwa kuwa alitumika kwa uaminifu na bidii. Alikiri ya kuwa fedha nyumbani ni kidogo, walakini alitaka apewe gulden kumi kama zikipatikana, wala si chini ya tano, kwa sababu hakuwa na nguo za kutosha. Tena alidokeza ya kuwa kikombe cha fedha kikiwapo nyumbani, kiuzwe kuliko mtumishi mwema kuondoka mikono mitupu. Hivyo ndivyo alivyofikiri mwalimu wa chuo juu ya mtumishi wa nyumba yake.

4. Fedha za chuo hutoka wapi?

Yatupasa kuwa wa haki kwa pande zote mbili. Si kila mshahara uliochelewa ni dhuluma. Chuo cha serikali hulipwa mishahara yake kutoka hazina ya serikali. Chuo cha kanisa huishi zaidi kwa ada za wanafunzi. Ada hizo haziji kila mwezi kama mshahara utakiwavyo, bali huja kwa mihula, na nyingine kwa mkono wa Bodi ya Mikopo, nazo zaweza kukawia. Wafadhili wa mbali mara nyingi hutoa kwa ajili ya jengo au kwa ajili ya mwanafunzi maskini, si kwa ajili ya ujira wa mfagizi. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ya nchi ya Tanzania ilizuia vyuo kadha wa kadha kupokea wanafunzi wapya mpaka vitengeneze upungufu wao. Na chuo kikikosa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasara yake haiishi mwaka ule. Pengo lao lapanda pamoja nao, mwaka wa pili na wa tatu, mpaka wakati ambao wangalimaliza.

Kwa hiyo tusiwahukumu wakuu kabla ya kupima. Kipimo ni hiki. Fedha zikipungua, je, zimepungua kwa wote, au kwa wadogo tu? Hesabu zimewekwa wazi mbele ya watumishi, au zimefichwa? Je, wameambiwa siku watakayolipwa, au wameachwa kubahatisha? Nyumba yenye njaa, baba alapo pamoja na watoto, yaweza kustahimili. Nyumba ambayo baba hula gizani peke yake, hiyo haistahimili.

Liko na jambo moja lisilo na udhuru wowote. Kwa sheria ya Tanzania mtumishi wa chuo kisicho cha serikali huwekewa akiba ya uzee katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mchango wote ni sehemu 20 katika kila 100 za mshahara, na mwenye kuajiri hawezi kumkata mtumishi zaidi ya sehemu 10. Basi mtumishi akikatwa sehemu zake, na fedha hizo zisipelekwe, zikatumika kwa kazi nyingine hata kama ni kazi njema, huko si kuchelewa. Mali hiyo ni ya mtumishi, nayo imechukuliwa. Amri ya Saba yalitaja jambo hilo kwa jina lake.

Nehemia alitafuta dawa gani? Aliweka watunza hazina wanne, Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Angalieni, si mtu mmoja. Tena mmoja wao alikuwa Mlawi, yaani mmoja wa wale wenye kulipwa. Waliwekwa kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Chuo ambacho watumishi wake wana mtu katika kikao cha fedha, aijuaye hesabu na kuwapasha wenzake habari, kitapata manung'uniko machache hata katika mwaka wa shida.

5. Wajibu wa mtumishi mwenyewe

Sasa tumgeukie kijana wetu. Luther katika maelezo ya Amri ya Saba aliwahesabu kuwa wezi hata watumishi wazembe, waharibuo mali ya bwana wao au wapotezao wakati wake. Ujira kuchelewa haumpi karani ruhusa ya kuuza alama za mtihani. Haumpi mhasibu ruhusa ya kupokea ada bila stakabadhi, wala mpishi kubeba mchele chini ya kanga. Wako waanzao kwa kusema, "Najilipa deni langu." Lakini ajilipaye kwa siri hajui mahali pa kukoma, tena mwanafunzi maskini ndiye aulipaye wizi ule.

Zaidi ya yote na ajihadhari na alama na vyeti. Mtu akiuziwa hati ya ualimu asiyoistahili, watoto wa kijiji kizima watafundishwa na mjinga. Mtumishi akikataa hongo hiyo mbele ya meza yake, amehubiri mahubiri ambayo kanisa la chuo halina mimbari ya kuyatolea.

Tena katika vyuo vyetu wamo watumishi wasio wa kanisa letu, Wakatoliki, na hata Waislamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mtu katika kazi kwa ajili ya dini yake, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe kwa asili yake yataka imani hiyo. Hii ni haki. Mchungaji wa chuo hana budi kuwa wa ungamo letu, lakini bomba la maji halimwulizi fundi habari za ubatizo wake. Mwenzako asiye Mkristo aone imani yako katika jinsi umtendeavyo, wala asisukumwe kanisani kwa hofu ya kupoteza kazi.

6. Akidhulumiwa, afanye nini?

Wengi huuliza, "Je, ni dhambi Mkristo kulishitaki shirika la kanisa?" Husoma 1 Wakorintho 6, wakaogopa. Ni vema kuogopa, maana Paulo awaaibisha ndugu wapelekanao mbele ya wasioamini. Lakini soma tena. Paulo auliza kama hamna kwenu mtu mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Basi kanisa lililo na mtu wa namna hiyo limwoneshe, na lisimzuie mnyonge kumfikia. Aonywe asishitaki, na mwenye kudhulumu asionywe, hiyo si amri ya Paulo.

Njia ni ile ya Mathayo 18. Kwanza, mtumishi aende kwa mkubwa wake peke yao wawili, kwa adabu, akiwa na barua ya ajira na hesabu ya madai yake. Pili, achukue mmoja au wawili pamoja naye. Sheria inawaruhusu watumishi kuwa na chama chao, wala chama si uasi. Tatu, wapeleke neno kwa baraza la chuo na kwa viongozi wa kanisa lenye chuo.

Yote hayo yakishindikana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa na serikali, ambayo kwanza hujaribu kupatanisha. Mtume Paulo mwenyewe, alipoona hatapata haki kwao, alitaka rufani kwa Kaisari (Mdo 25:11), wala hatusemi alitenda dhambi. Lakini ajue hili, maana kutojua kumewaponza wengi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki apewa siku 30 za kupeleka shauri lake, na madai mengine siku 60. Mtu amwambiaye mwenzake, "Subiri, tutalitazama," mpaka siku zipite, hakumfundisha uvumilivu, amemfungia mlango. Basi mazungumzo ya kindugu yafanywe upesi, na kwa maandishi.

Na akiona hawezi kukaa tena, aende kwa amani. Awaage wenzake, arudishe funguo na vitabu, adai haki yake bila matukano. Nasi nyumbani tusimwite mkimbizi, tukikumbuka Walawi. Nehemia hakuwaacha mashambani. Aliwakusanya, akawasimamisha tena mahali pao, na Yuda wote wakaleta nafaka na divai na mafuta katika hazina. Walirudi kazini kwa sababu ghala lilikuwa na chakula tena.

Hapo tuna sehemu yetu sote. Kanisa lipendalo kuitwa mwenye chuo, nalo halileti kitu ghalani, limeandika agano na kulisahau. Sadaka ya chuo itangazwapo usharikani, tusitoe sarafu iliyobaki mfukoni. Tukumbuke ya kuwa yuko mtu langoni usiku huu, akitulindia watoto.

Maswali ya kuulizana katika mikutano ya juma

1. Kwa nini mabawabu na waokaji wameandikwa pamoja na makuhani? Je, katika usharika wetu twawaheshimu hivyo?
2. Eliashibu alimpa Tobia chumba kwa sababu gani? Taja namna tatu ambazo sisi nasi hufanya hivyo.
3. Nehemia aliteta na nani, na kwa nini si na Walawi?
4. Mtumishi asiyelipwa hana ruhusa ya kufanya nini? Ana ruhusa ya kufanya nini?
5. Je, mzee wa kanisa, mfagizi wa usharika, na mwinjilisti wetu wamelipwa walichoahidiwa? Wazee na walijibu swali hili mbele ya kikao, hesabu zikiwa mezani.